Mkosoaji, Mpinzani na Adui: Tuyapime Maneno Kabla ya Kuyatumia

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee wetu. Nao walisema hivyo kabla magazeti hayajaingia katika nchi hii. Lau wangaliyajua magazeti, yamkini wangaliongeza kwamba heri kujikwaa ulimi kuliko kujikwaa kalamu. Neno la ulimi husikiwa na waliokuwapo tu. Neno la gazeti husomwa na watu elfu, kisha karatasi yake hufungiwa maandazi, na mla maandazi naye akalisoma.

Leo twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya maneno machache ambayo sisi waandishi huyatumia kila siku, wala mara nyingi hatuyapimi: mkosoaji, mpinzani, mshindani, adui, msaliti, mchochezi. Yote ni maneno ya kumwita mtu asiyekubaliana nasi. Lakini hayalingani hata kidogo, na tofauti yake si jambo la kamusi tu. Twalijua hilo kwa sababu tuliwahi kulikosea sisi wenyewe, na kosa letu lilimwangukia mtu wa upande wa Hale.

Hale ni mji mdogo wa wilaya ya Korogwe, kando ya mto Pangani, katika barabara iendayo Tanga. Kwa miaka mingi watu wake wamelishwa na vitu viwili, mkonge na mto. Katika kijiji kimoja kisicho mbali na hapo, zaidi ya miaka kumi iliyopita, tukiwa tungali vijana katika kazi hii na tukilitumikia gazeti jingine, uliitishwa mkutano wa hadhara juu ya mradi wa maji. Wanakijiji walikuwa wamechanga fedha za pampu. Mzee mmoja, aliyemaliza nguvu zake katika kukata mkonge, alisimama akauliza: fedha tulizochanga ni kiasi gani, zimenunua nini, na stakabadhi zi wapi? Wengine wawili wakamuunga mkono. Mkutano ukachafuka, ukafungwa kabla ya wakati wake.

Taarifa ilitufikia mezani jioni. Mwandishi wetu wa kule alikuwa ameandika kwamba wanakijiji watatu waliukosoa mradi. Neno hilo lilikuwa sahihi. Lakini sisi, tukiitafutia habari ile kichwa chenye kishindo, tulilifuta, tukaandika kwamba wapinzani wamevuruga mkutano wa maji. Hatukumwuliza mtu. Hatukudhani kwamba tumebadili kitu chochote. Tuliona tumebadili neno kwa ndugu yake.

Kumbe tulikuwa tumembadilisha mtu. Mzee yule alikuwa mwanachama tangu siku za TANU, na kadi yake ameitunza ndani ya Biblia. Gazeti lilipofika kijijini, jirani zake walisoma wakaelewa kwamba amehama chama kwa siri. Katika kamati ya maji aliondolewa. Dukani watu walikuwa wakinyamaza anapoingia. Nayo maswali yake matatu hayakujibiwa, kwa kuwa ilionekana hakuna haja ya kumjibu mpinzani.

Twarudi nyuma sasa, ili tueleze tulipaswa kujua nini.

Sisi tulisomeshwa katika shule ya misheni, na mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na desturi ya kuandika ubaoni maneno yanayofanana, kisha akatutaka tuyatenganishe. Siku moja aliandika manne: “critic”, “opponent”, “rival” na “enemy”. Sote tulijibu kwa pamoja kwamba maana yake ni adui. Mwalimu hakukasirika. Alichukua daftari la mmoja wetu, lenye insha iliyojaa wino mwekundu, akauliza, “Je, aliyeandika haya mekundu ni adui yako?” Darasa likacheka, lakini somo likaingia.

Maneno yale manne yana asili yake, na asili hizo zina mafunzo. Neno la kwanza latoka katika Kiyunani, katika kitenzi chenye maana ya kutenga na kuamua. Mtu huyo hufanya kazi kama ya mwanamke mwenye ungo, apepetaye mchele ili pumba zitoke na punje zibaki. La pili latoka katika Kilatini, na maana yake ni kuweka kitu mbele ya kingine ili kikabiliane nacho. La nne, nalo la Kilatini, maana yake ni asiye rafiki, basi. Na lile la tatu ndilo lililotushangaza kuliko yote: asili yake ni mtu anayetumia mto mmoja na mwenzake. Warumi waliona kwamba watu wachotao maji katika kijito kimoja ndio wagombanao mara kwa mara. Si kwa kuwa wanachukiana, bali kwa kuwa wanahitaji kitu kilekile.

Watu wa bonde la Pangani hawana haja ya kufundishwa neno hilo. Mto wao hutoka katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru, ukapita Nyumba ya Mungu, ukapita Korogwe na Hale, hata ukaingia bahari ya Hindi penye mji wa Pangani. Mkulima wa juu ataka maji ya mfereji wake. Mfugaji ataka ya ng’ombe wake. Na mitambo ya umeme iliyo chini nayo yayataka maji hayohayo. Kwa sababu ya mivutano ya namna hiyo ilianzishwa ofisi ya bonde la mto huo mwaka 1991, ili wenye mto mmoja wagawane bila kuumizana. Hao ndio washindani kwa maana iliyo kamili. Hakuna hata mmoja wao anayeutakia mto ukauke.

Tukirudi katika Kiswahili chetu, twaona kwamba wazee walioiunda lugha hii hawakuwa wavivu. Tazama neno kosoa. Mwisho wake ni sawasawa na mwisho wa maneno mengine mengi yanayogeuza tendo: mtu hufunga, kisha akafungua, huziba, kisha akazibua, hukunja, kisha akakunjua, hutega mtego, kisha akautegua. Hali kadhalika mtu hukosa, kisha yeye au mwenzake akakosoa. Kukosoa, basi, ni kuliondoa kosa kama vile kufungua ni kukiondoa kifungo. Neno lenyewe halina uadui ndani yake. Mtu akituambia kwamba vifungo vya shati letu vimepishana, hatumwiti adui wa shati.

Mpinzani ni mtu mwingine. Neno lake ni la jamii moja na kupinga, na kupinga ni kuweka kitu kikingame njiani. Mpinzani hasemi tu kwamba umekosea hesabu katika njia uliyoichagua; asema kwamba njia yenyewe siyo, na kwamba iko nyingine. Lakini tusikilize pia ule mlio wa kupingana ulio ndani ya neno hilo: ni tendo la wawili. Hakuna apinganaye peke yake. Ukisema kwamba fulani ni mpinzani wako, umekiri papo hapo kwamba wewe nawe u mpinzani wake, na kwamba mmesimama katika uwanja mmoja.

Mshindani ataka kiti kilekile ukitakacho wewe, na sheria yake twaijua sote: asiyekubali kushindwa si mshindani. Adui hataki kiti wala njia, ataka uangamie. Msaliti ni yule aliyekula kiapo pamoja nawe kisha akakuuza gizani, ndiye wa kikulacho ki nguoni mwako. Haini ni neno la mahakama, lisilomstahili mtu mpaka ushahidi uletwe na hukumu itolewe. Katika nchi hii kesi ya kwanza kubwa ya uhaini ilisikilizwa mwaka 1970. Na hata katika kesi ile, iliyohusu kupanga kuipindua serikali, si washtakiwa wote waliotiwa hatiani. Ikiwa majaji walihitaji miezi kulipima neno hilo, mwandishi wa gazeti atalitoaje kwa dakika tano?

Pengine msomaji atasema: hizi ni hadithi za walimu, mtu akiitwa hivi au vile, ugali wake haupungui. Tumwombe atazame historia ya nchi yake mwenyewe.

Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na neno lake ililolipenda, nalo ni mchochezi. Kuchochea ni kazi ya jikoni: ni kusukuma kuni ili moto uwake. Mwenye kumwita mwenziwe mchochezi asema, bila kutamka, kwamba watu walikuwa wametulia kama majivu mpaka alipokuja yule na kijiti chake. Hivyo malalamiko ya watu hufutwa kwa neno moja. Mwaka 1957 Mwalimu Nyerere alizuiliwa kuhutubia hadhara kwa muda. Mwaka 1958 alishtakiwa mahakamani kwa sababu ya maneno aliyoyaandika katika Sauti ya TANU kuwahusu watumishi wa serikali ya kikoloni, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita, faini ikalipwa. Leo hakuna asemaye kwamba Mwalimu alikuwa mchochezi. Twasema alikuwa mkosoaji wa serikali isiyo halali, na mpinzani wa ukoloni, naye alikuwa vyote viwili mchana kweupe.

Basi ingetarajiwa kwamba sisi, tulioumizwa na neno hilo, tungekuwa waangalifu tulipolishika jembe wenyewe. Haikuwa hivyo siku zote. Sisi wa magazeti ya chama hatuna budi kuyataja kwanza ya upande wetu, maana nyani haoni kundule.

Tuitazame sehemu hii hii ya mkonge. Wakati wa Uhuru, mashamba ya mkonge ndiyo yaliyoajiri wafanyakazi wengi kuliko kazi nyingine yoyote ya mshahara nchini, zaidi ya watu laki moja, na mkoa wa Tanga ndio uliokuwa kitovu chake. Chama cha wafanyakazi wa mashamba kilikuwa na nguvu, na kiongozi wake, Victor Mkello, alikuwa pia rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mkello na wenzake walitaka vyama vyao vijiendeshe vyenyewe. Serikali changa ilihofu kwamba migomo itaibomoa nchi kabla haijasimama. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Lakini mwaka 1962 ilitungwa sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na Januari 1963 Mkello na kiongozi mwenziwe waliondolewa kwa amri ya serikali, wakapelekwa Sumbawanga, upande wa pili wa nchi. Mwaka uliofuata, baada ya maasi ya askari ya Januari 1964, viongozi wengi wa wafanyakazi walikamatwa, vyama vyao vikavunjwa, na kikaundwa chama kimoja, NUTA.

Hatuandiki haya ili tuwahukumu wazee wetu, waliokuwa wakiendesha nchi changa penye upepo mkali. Twauliza swali moja tu. Mtu akifikishwa mahakamani, kuna hakimu wa kulipima neno: ni mkosoaji huyu, ni mpinzani, au ni adui? Mtu asipofikishwa mahakamani, neno lenyewe huwa ndilo hakimu. Jina alilopewa ndilo linalomfungia safari. Kwa hiyo penye uhaba wa mahakama, waandishi na wasemaji wanapaswa kuwa waangalifu mara mbili, sivyo kama tulivyokuwa.

Wala si kwamba hatukuwa na mafundisho. Mwaka 1962 Mwalimu aliandika kijitabu chake cha Tujisahihishe, na shabaha yake ilikuwa wanachama wenzake, si wakoloni. Aliwaonya juu ya desturi ya kulipokea au kulikataa wazo kwa kutazama aliyelisema badala ya kutazama lililosemwa. Ahadi za mwanachama wa TANU nazo ziliweka kusema kweli upande mmoja, na fitina upande mwingine, kana kwamba zilijua kwamba watu watavichanganya vitu hivyo viwili. Na tukumbuke pia ni nani walioitwa maadui katika siku za mwanzo za Uhuru: ujinga, umaskini na maradhi. Walikuwa watatu, wala hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na jina la mtu. Neno kali kuliko yote liliwekwa akiba kwa mambo yanayowaua watu, halikupewa watu.

Kisha ukaja mwaka 1992. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilikuwa imezunguka nchi nzima, na katika kila watu kumi walioulizwa, wapatao wanane walitaka chama kimoja kiendelee, na wawili walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi; na tangu tarehe 1 Julai 1992 sheria iliviruhusu. Hapo ndipo wachache walipopewa heshima ambayo mataifa mengi huwanyima. Lakini siku ile neno mpinzani nalo lilihama nyumba. Zamani lilikuwa ni neno la mtu yeyote apingaye jambo. Sasa likawa jina la mwanachama wa chama kisichotawala. Ndiyo sababu mzee wa Hale aliposomwa gazetini kuwa ni mpinzani, jirani zake hawakusikia kwamba amepinga jambo. Walisikia kwamba amebadili kadi.

Na hapa twapenda kueleweka vema, tusije tukatoka katika kosa moja tukaingia katika jingine. Hatusemi kwamba mzee yule alionewa kwa sababu alikuwa mwenzetu aliyeitwa kwa jina la wengine. La hasha. Hata angalikuwa mwanachama wa chama kingine, hata angalikuwa amekihama chama chetu asubuhi ile ile, maswali yake yangalibaki yaleyale: fedha kiasi gani, zimenunua nini, stakabadhi zi wapi? Stakabadhi haina kadi ya chama. Kosa letu halikuwa kumtia katika kundi la watu wabaya, kwa kuwa kundi lile si la watu wabaya. Kosa letu lilikuwa kutumia jina la kundi ili swali lisisikiwe.

Waingereza, waliotutawala na kutufundisha maneno yao manne, walichukua muda mrefu kulijua jambo hili. Palikuwa na zama kwao ambapo kumpinga waziri wa Mfalme kulihesabiwa kuwa karibu na uasi. Mwaka 1826 mbunge John Cam Hobhouse alitamka kwa mzaha kwamba nao wapinzani ni wa Mtukufu Mfalme, kama mawaziri walivyo wake. Bunge likacheka, lakini mzaha ule ukageuka desturi, na tangu mwaka 1937 kiongozi wa upinzani nchini mwao hulipwa mshahara na serikali ileile anayoipinga. Kanisa Katoliki nalo lilikuwa na jambo la kufanana na hilo. Mtu alipopendekezwa kuwa mtakatifu, aliwekwa ofisa wa kutafuta kila sababu ya kumkataa, na watu wakamwita wakili wa Ibilisi. Kazi hiyo iliwekwa rasmi mwaka 1587 na ikapunguzwa nguvu mwaka 1983. Jina lake lilikuwa baya kuliko majina yote, lakini alikaa mezani pamoja na maaskofu, wala hakuna aliyedhani kwamba anamtumikia Ibilisi kweli.

Mwalimu mwenyewe alitupa mfano mwingine katika uzee wake. Alitoa kijitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, ambamo aliwakemea viongozi wa chama alichokiasisi yeye, kwa maneno ambayo mpinzani hodari asingaliyazidi ukali. Hata hivyo hakukihama chama hicho mpaka alipofariki mwaka 1999. Tungemwita nani? Mpinzani hakuwa, msaliti, Mungu apishe mbali. Alikuwa mkosoaji, aliyeona kosa akataka liondoke, na aliyabakiza mapenzi yake palepale yalipokuwa.

Basi mwandishi apimeje, akiwa na saa moja tu kabla mitambo ya kuchapa haijaanza? Sisi tumejiwekea vipimo vichache, na twawapa wasomaji wetu ili watupime navyo. Kwanza twauliza: mtu huyu asema juu ya jambo, au asema juu ya nafsi ya mtu? Asemaye juu ya stakabadhi ni mkosoaji. Asemaye juu ya mama wa mwenyekiti ni mtukanaji. Pili: asema hadharani, kwa jina lake, au anong’ona gizani? Mwenye fitina hapendi mkutano. Tatu: anataka kazi ile ile iwe njema zaidi, au anataka kazi nyingine mahali pake, au anataka kazi yenyewe isiwepo kabisa na wenye kuifanya waangamie? Wa kwanza ni mkosoaji, wa pili ni mpinzani, na wa tatu tu ndiye anayekaribia kuitwa adui. Na la mwisho, lililo gumu kuliko yote: je, neno hili tungelikubali kama lingetumiwa juu yetu, kwa tendo lile lile?

Inapotokea shaka, twachukua njia iliyo salama, yaani kuacha majina na kusema matendo. “Wanakijiji watatu wauliza fedha za maji” ni kichwa cha habari kisichomdhulumu mtu, na kina habari nyingi kuliko kile tulichokiandika.

Tulirudi kule miaka michache baadaye. Pampu ilikuwa imenyamaza, na hesabu zilipokaguliwa ilionekana kwamba fedha zilizochangwa na vifaa vilivyonunuliwa havikupatana. Maswali matatu ya yule mzee yalikuwa yamejibiwa, lakini kwa kuchelewa, na kwa gharama ya kina mama waliokwisha kurudia ndoo na njia ya mtoni. Gazeti lilikuwa limetoa masahihisho kwa mistari minne, katika ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya mazishi. Tusi lilikuwa limetolewa ukurasa wa kwanza.

Tulimkuta amekaa uani anasokota kamba. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha kigoda kabla hatujajitaja. Tulipojitaja hakubadilika uso. Tukamwomba radhi. Alisokota kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, mimi sikuyapinga maji. Mimi ndiye niliyekuwa na kiu.”

Hatukuwa na la kumjibu, wala hatunalo hata leo.

Tukitoka kwake tulipita Hale, tukasimama kuutazama mto. Hapo pana kituo cha umeme kilichofunguliwa mwaka 1964, chenye mitambo miwili ya megawati 10.5 kila mmoja, jumla megawati 21. Maji ya Pangani yamewekewa ukuta unaoyakinga. Kwa lugha iliyo sahihi kabisa, ukuta ule unaupinga mto. Hauuchukii mto, na hautaki mto ukauke, maana mto ukikauka ukuta nao hauna kazi. Huyakinga maji ili yapande, yapate nguvu, yaelekezwe kwenye mitambo. Kisha maji huendelea na safari yake mpaka baharini, na nyuma yake taa zimewaka. Mto usio na cha kuukinga hupita hivi hivi. Nao ukuta usiokuwa na njia ya kupitishia maji, mafuriko huubomoa.

Serikali yoyote, chama chochote, hata kamati ya pampu ya kijiji, ni mto wa namna hiyo. Huhitaji wa kuukinga, nao huhitaji kuendelea kwenda. Kumwita mwenye kukinga kuwa ni adui ni kuubomoa ukuta na kulalamika gizani kwamba umeme umekatika.

Ndugu wasomaji, ninyi nanyi mna kalamu, hata msipokuwa waandishi. Mwenyekiti aandikaye muhtasari wa mkutano ana kalamu. Mwalimu aandikaye taarifa ya mwanafunzi ana kalamu. Katibu aandikaye barua kwenda wilayani juu ya watu wake anayo kalamu iliyo nzito kuliko yetu. Siku mtakapofika mahali pa kumwandika mtu asiyekubaliana nanyi, simamisheni kalamu kidogo, mwulize swali alilouliza mwalimu wetu mwenye wino mwekundu. Na sisi, siku mtakapoona katika ukurasa huu tumemwita adui mtu aliyekuwa na kiu tu, tuandikieni mtukosoe. Barua hiyo tutaichapa ukurasa wa kwanza.